Si kila kete ni kamari: Michezo ya mezani ina nafasi nyumbani

Katika vilima vya Kasulu na Kibondo, msimu wa mvua huwaingiza watoto ndani mapema. Ikifika saa 12 jioni baridi imeshaanza kuuma, na nyumba yenye watoto watano huonekana ndogo kuliko ilivyokuwa asubuhi. Zamani jioni kama hizo zilikuwa za kibatari, mahindi ya kuchoma na hadithi za bibi. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa uliingia, jenereta za mafuta zikazimwa, na sasa tatizo ni jingine: simu ya baba ikifika nyumbani na chaji, mwenyewe haioni tena hadi watoto walale.

Wakati huohuo mtaani, kwenye kibaraza cha duka au jirani na kijiwe cha bodaboda, wanaume wameinamia ubao wa drafti. Kete ni vizibo vya soda, mmoja kavilaza, mwenzake kavigeuza. Wanaocheza ni wawili, wanaoshauri ni kumi. Mtoto wa darasa la sita akisimama pembeni kutazama, mtu mzima anayemfahamu atamfukuza, na kabla hajafika kwao habari itakuwa imeshatangulia.

Kwa wazazi wengi, drafti, bao na pakiti ya karata ni kitu kimoja. Ni mambo ya vijiweni, na kijiwe maana yake ni uvivu, sigara, matusi, na mwisho wake kamari. Zipo nyumba, hasa za watu wa dini, ambazo karata haivuki kizingiti.

Hofu hiyo haikuzuka tu. Mashine za kubahatisha zinazomeza sarafu, ambazo wengi huziita dubwi, zimeingia hadi kwenye miji midogo, na mikeka ya kubeti inachezwa kwenye simu ya kawaida. Sheria haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini mashine iliyo dukani haimuulizi mtoto umri wake. Mzazi aliyewahi kuona hela ya daftari ikiishia humo ana haki ya kuogopa kila kitu chenye kete.

Tatizo ni kwamba woga huo umevifagia vyote pamoja. Umeitoa nje mashine, na umetoa nje pia drafti na bao. Nafasi iliyobaki wazi imechukuliwa na simu, ambako mchezo wa kubeti na katuni ya mtoto vinakaa kwenye kioo kimoja.

Kipimo cha kwanza: mtoto anaamua nini?

Mzazi anayetaka kutofautisha mchezo mmoja na mwingine hana haja ya kujua kanuni zake zote. Anaweza kuanza na swali moja tu: katika mchezo huu, mtoto anaamua nini?

Kwenye mashine ya sarafu hakuna anachoamua zaidi ya kutoa hela nyingine. Kwenye nyoka na ngazi, mchezo wenye asili ya India, haamui chochote pia. Dado ndiyo inayocheza, mtoto anasogeza tu. Hata hivyo nyoka na ngazi haina hela ndani yake, na kwa mtoto wa miaka mitano ina faida ya kumzoesha kuhesabu na kusubiri zamu. Ina faida nyingine ambayo haisemwi sana: bibi anaweza kushindwa na mjukuu bila yeyote kuona aibu.

Ludo inapanda ngazi moja. Mchezo huu ulisajiliwa Uingereza mwaka 1896, lakini mzizi wake ni pachisi ya India. Dado bado ina nguvu, ila mchezaji mwenye kete nne ana la kuchagua: aikimbize ya mbele, aitoe nyingine nyumbani, au amsubiri mwenzake ili amrudishe mwanzo. Ndiyo maana kwenye ludo watoto hugombana. Wanagombana kwa sababu mtu amechagua kuwaumiza, na dado haina lawama.

Drafti na bao hazina bahati kabisa. Kila kilichotokea ubaoni kimetokana na mkono wa mtu. Mtoto akishindwa hana wa kumlaumu, na kwa baadhi ya watoto, hasa wale waliozoea kufaulu darasani, hilo ni jambo zito kulimeza. Atalia, atapangua ubao, atasema mwenzake kaiba. Mzazi anayeondoa mchezo siku hiyo ili kuleta amani anaondoa pia nafasi ya mtoto kujifunza kushindwa jambo dogo akiwa kwao, mbele ya watu wanaompenda.

Hapo ndipo hela inapoharibu. Drafti ileile, ikiwekewa Sh200 juu yake, inaacha kuwa mchezo ambao mtoto anaweza kushindwa kwa usalama. Kanuni ya nyumba inaweza kuwa fupi: hakuna hela, wala soda, wala mandazi ya kesho.

Kete 64 zisizopungua

Kati ya michezo yote iliyo karibu na familia za Kigoma, bao ndilo lililobuniwa kwa akili nyingi zaidi, na ndilo linalodharauliwa zaidi na wazazi vijana. Wanaliona ni la wazee. Mwalimu Julius Nyerere alilipenda, na picha zake akiwa ameketi mbele ya bao na wazee wenzake zinajulikana. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu namna wanavyofikiri wanapocheza. Ubao wenyewe una safu nne za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64.

Jambo ambalo mzazi anapaswa kulitazama ni hili. Kwenye drafti, kete iliyoliwa hutolewa nje. Anayeshindwa anapungua, anazidi kupungua, na mara nyingi mtoto anajua amekwisha dakika kumi kabla ya mwisho, akabaki amekaa kwa adabu tu. Kwenye bao hakuna kete inayotoka. Unachokula unakipanda upande wako, kimoja kimoja, na baada ya zamu mbili mwenzako anaweza kukila tena. Mtu aliyebakiwa na kete chache sana anaweza kupata mzunguko mmoja mrefu na kugeuza kila kitu. Mtoto hana sababu ya kukata tamaa mapema, na mkubwa hana sababu ya kulala usingizi.

Ukanda huu una bahati ya kipekee. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha zinazosikilizana, na mchezo wa safu nne umeenea pande zote. Wanyarwanda wana igisoro, Warundi wana ikibuguzo, Waganda wana mweso, Wasukuma wana isolo. Kanuni zinatofautiana: katika bao la Kiswahili unakula safu ya mbele tu ya mpinzani, wakati kwenye igisoro na mweso unaweza kusomba mashimo mawili, la mbele na la nyuma yake. Lakini mkono unaojua mmoja hujifunza mwingine haraka.

Kwa wilaya ambazo zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi, hilo si jambo dogo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kukimbia vita, na baada ya vurugu za mwaka 2015 nchini Burundi ikapokea Warundi pia. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka huohuo. Watoto wawili wasioelewana vizuri kwa maneno wanaweza kuchimba mashimo 32 ardhini na kuanza. Watakachobishania ni kanuni, na ubishi wa kanuni ni mazungumzo tayari.

Bao la Kiswahili lenyewe, lile la mabingwa, ni gumu. Linaanza na kete 22 mkononi kwa kila mchezaji, na shimo moja liitwalo nyumba lina sheria zake. Kumwanzishia mtoto hapo ni kumfukuza. Wenyewe waliona hilo zamani, ndiyo maana lipo bao la kujifunza. Kila shimo linawekwa kete mbili. Mchezaji anachagua shimo lake lenye kete mbili au zaidi, anazigawa moja moja kwenda kulia au kushoto kuzunguka safu zake mbili. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu imehama. Ikiangukia shimo lenye kete, anazichota zote na kuendelea. Na ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, huku shimo la mwenzake linalolitazama nalo lina kete, anakula: anazichukua hizo za mwenzake na kuzipanda kwake kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele. Anayeishiwa kete safu ya mbele ameshindwa, na anayebakiwa na kete mojamoja tu kila shimo, asiweze kucheza, naye ameshindwa.

Mtoto wa darasa la pili akicheza hivyo mara kadhaa ataacha kuhesabu shimo kwa shimo kwa kidole. Ataanza kuona tu kwamba kete tano kutoka pale zitafika kule. Hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni hesabu.

Binti naye anakaa wapi?

Barazani, bao na drafti ni vya wanaume. Binti akisimama hapo ataulizwa ametumwa nini. Lakini nyumbani mambo hayapaswi kuwa hivyo, na mara nyingi ndivyo yalivyo kwa sababu ya ratiba tu: kaka anapofungua ubao, dada yuko jikoni anaosha vyombo. Anapomaliza, mchezo umefika katikati, na watu wawili tayari wamekaa. Baba anayetaka binti yake acheze ana kazi ya kufanya kabla ya kete kupangwa, nayo ni kuamua nani anaosha vyombo leo.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa utamaduni. Mtoto wa Kiha hulelewa kumsalimia mkubwa kwa kuinama na kupiga makofi polepole. Mtoto huyohuyo akae mbele ya baba yake, amtazame usoni na kumwambia, "Baba, nimekula"? Wengine hucheza vibaya kwa makusudi kwa heshima. Wazazi wengine nao hukasirika kwelikweli wakishindwa, wakafunga ubao kwa kisingizio cha usingizi.

Wachezaji wakongwe wana dawa ya hilo. Kwenye drafti mkubwa anaanza na pungufu: badala ya kete 12 anaweka tisa, au nane kama mtoto ni mchanga. Mtoto akishinda mara tatu mfululizo, mkubwa anarudishiwa kete moja. Kwa njia hiyo mkubwa anacheza kwa nguvu zake zote bila kujifanya, na mtoto anashinda kihalali. Watoto hutambua upesi wanapoachiwa, na hawapendi.

Jenga, neno la Kiswahili lililozunguka dunia

Wazazi wanaodhani michezo mizuri ya mezani ni lazima inunuliwe kutoka nje wanaweza kushangazwa na historia ya mmoja wa michezo inayouzwa zaidi duniani. Unaitwa Jenga. Aliyeubuni ni Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika na kuzungumza Kiswahili tangu utotoni. Familia yake ilipokuwa Ghana miaka ya 1970, walikuwa wakicheza kwa vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao cha Takoradi. Wanapanga mnara, kila mtu anachomoa kipande kimoja na kukiweka juu, hadi mnara uanguke. Mwaka 1983 aliuzindua London, akaupa jina kutoka kwenye lugha aliyokua nayo. Leo watoto wa Ulaya na Marekani wanapiga kelele "Jenga!" bila kujua kwamba wanaamrishana kwa Kiswahili.

Seti moja ina vipande 54, vitatu kila ngazi, ngazi 18. Kila kipande kina urefu wa sentimita 7.5, upana 2.5 na unene 1.5. La msingi ni kwamba urefu uwe mara tatu ya upana, ili vipande vitatu vikikaa pamoja vifanye mraba. Fundi seremala yeyote wa Kasulu au Kibondo anaweza kuvikata kutoka kwenye mabaki yanayobaki chini ya meza yake, vikapigwa msasa ili visichome vidole.

Hapa fundi asiye makini sana anasaidia. Vipande vya Jenga hutengenezwa vikiwa na tofauti ndogondogo, ndiyo maana vingine vimebana na vingine vimelegea. Vikilingana vyote kabisa, mchezo hauna utamu, kwa sababu mchezaji hana cha kutafuta kwa kidole.

Kubuni mchezo wao wenyewe

Hatua inayofuata ni ya watoto wenye miaka kumi na kuendelea, na gharama yake ni boksi moja la katoni na kalamu. Wapewe kazi ya kubuni mchezo wa mezani.

Kwa watoto wa ukanda huu barabara ya kuchora ipo tayari: Manyovu, Kasulu, Makere, Mvugwe, Kibondo, Kakonko, hadi Nyakanazi. Kila mchezaji ana mzigo wa maharage kuupeleka mwisho wa safari. Mara ya kwanza watoto watatengeneza nyoka na ngazi nyingine: rusha dado, sogea, ukikuta tope rudi nyuma. Watacheza mara mbili na kuchoka. Hapo mzazi anauliza lile swali la mwanzo: anayecheza anaamua nini? Labda mwenye gunia moja asogee hatua zote za dado, na mwenye magunia matatu asogee nusu. Labda auze Kakonko kwa bei ndogo, au ajikaze hadi Nyakanazi. Sasa kuna la kufikiria.

Wabunifu wa michezo duniani hufanya kazi hivyohivyo. Wanacheza, wanaona panapochosha, wanabadilisha kanuni moja, wanacheza tena. Nigeria, Kenechukwu Ogbuagu ameanzisha kampuni ya NIBCARD Games inayobuni na kuchapa michezo ya mezani Afrika badala ya kungoja ya kuagizwa. Na zamani zaidi, mwaka 1904, Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo uliokusudiwa kuwaonyesha watu jinsi wenye ardhi wanavyotajirika kwa kodi za wapangaji. Mchezo huo ndio mzazi wa Monopoly, ambayo kwa kejeli ya historia humpongeza anayewafilisi wenzake wote. Monopoly ina kasoro nyingine inayoifanya isifae sana jioni ya familia: anayefilisika mapema anatoka, anakaa pembeni, na ndani ya dakika tano ameshaomba simu.

Watoto waandike kanuni zao kwenye karatasi. Huko ndiko watakakotoa jasho. Kanuni iliyoeleweka vizuri kichwani mwa kaka, ikiandikwa, dada anaisoma kwa maana nyingine, na wote wawili wana haki. Kuiandika upya hadi isomeke kwa namna moja ni zoezi la Kiswahili ambalo mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kumsimamia kila mmoja.

Vifaa vya kuanzia usiku huuhuu

Ubao wa drafti unachorwa kwa mkaa juu ya boksi, miraba 64, na vizibo 24 vinaombwa dukani bure. Bao linatengenezwa kwa trei mbili za mayai: kila trei inakatwa kipande cha mashimo manne kwa manne, vipande viwili vinawekwa bega kwa bega, na tayari ni safu nne za mashimo manane. Pwani wanatumia komwe kwa kete. Huku maharage yapo, na yanatosha. Dado ikikosekana, vikaratasi sita vyenye namba ndani ya kikombe vinafanya kazi ileile.

Michezo miwili inatosha kwa jioni, au nusu saa, kisha kila kitu kinarudi kwenye kopo lake. Mtoto aliyeshindwa apewe haki ya kuanza kesho yake. Na maharage yaliyokuwa kete yasirudishwe kwenye sufuria bila kuoshwa, kwa sababu 64 yaliyopita mikononi mwa watoto watano kuanzia saa 1 usiku yanakuwa yameshafika chini ya kochi na kurudi.